Furaha ya Wastani

Yeyote aliyesema kustaafu ni kupumzika hakuwahi kukaa nyumba moja na Mzee Taratibu.

Jina lenyewe lilikuwa limegeuka dhihaka. Alipewa kazini, redioni, kwa sababu ya mkono wake. Hakukuwa na fundi mitambo aliyejua kushusha muziki kama yeye, polepole, mpaka msikilizaji asijue muziki umetokea mlango upi na habari zimeingilia dirisha gani. Lakini tangu astaafu, utaratibu ulibaki kwenye jina tu. Kidole gumba na kidole cha shahada vilikataa pensheni. Vilizungusha vifuniko vya chupa. Vilizungusha vitasa vya milango ambayo hakuna aliyetaka kupita. Vilizungusha swichi ya jiko, moto ukazimika wali ukiwa mbichi, na siku moja, kwenye kikao cha ukoo, vilizungusha kifungo cha koti la mtu aliyeketi jirani mpaka kikang'oka na kubiringika chini ya kiti cha mwenyekiti.

"Wewe umestaafu," mkewe alikuwa akimwambia, "ila vidole vyako bado viko zamu."

Hayo yalikuwa ya kucheka. Wasiwasi wenyewe ulianza siku waliyotoka kwa daktari wa masikio.

Daktari alimvalisha mke wa Mzee vidude vya kusikilizia, akamwambia ainue mkono kila atakaposikia mlio. Mzee Taratibu, aliyeketi pembeni na kofia yake magotini, aliisikia ile milio ikivuja nje ya vidude, tii, tii, tii, na mkono wa mkewe umelala tu mapajani kama paka aliyeshiba. Alitaka kumfinya. Alitaka kuunyanyua mkono ule yeye mwenyewe. Daktari alipomaliza, alieleza kwa maneno marefu jambo fupi: sikio la kushoto limefunga duka, na la kulia linafunga madirisha, moja baada ya jingine. Sauti nyembamba zitatangulia kwenda, nene zitafuata. Lini? Pengine mwaka, pengine chini ya hapo. Dawa? Daktari aliangalia kalamu yake.

Njiani mkewe hakulia wala hakulaumu mtu. Alitembea kwa mwendo wake uleule wa kwenda sokoni, mkoba begani. Walipofika kona ya duka la viatu akasimama ghafla, watu wa nyuma nusura wamkanyage.

"Hivi," aliuliza, "ule wimbo wako wa kabla ya habari ya mchana, unaishaje?"

Mzee Taratibu akafungua kinywa. Akakifunga. Akakifungua tena, kama samaki aliyeulizwa njia ya nchi kavu.

Hakujua.

*

Wimbo wenyewe haukuwa na maneno. Ulikuwa muziki wa okestra, wa kwenye santuri ambazo hazijapata kuuzwa dukani hata siku moja. Viwanda vya ng'ambo vilizitengeneza makusudi kwa ajili ya redio na sinema, ziwe za kujazia: hapa mvua inanyesha, hapa gari moshi linaondoka, hapa wapenzi wamekosana lakini si sana. Kituo kilikuwa na kabati zima la muziki wa namna hiyo, na ule uliochaguliwa kutangulia habari ya mchana ulipendwa na mji mzima bila mtu kujua kwamba anaupenda.

Ulianza na fidla, nyingi kwa pamoja, zikipanda mbio kama watoto wanaopandishana ngazi baada ya kengele ya shule. Filimbi ikawajibu kutoka juu: haya, njooni basi. Kisha tarumbeta zikaingia, si zile za vita, bali za adabu, kama mjomba anayebisha hodi akiwa na habari njema lakini hataki kuzimwaga mlangoni. Hapo muziki ukakusanya miguu yake yote, fidla kubwa zikainama, filimbi ikavuta pumzi, wimbo ukakishika kitasa cha mlango, ukaanza kukizungusha...

Na hapo ndipo vidole vya Mzee Taratibu vilipozungusha kidude cha sauti. Muziki ukazama. Mlio wa saa ukapiga. Sauti nzito ikasema, "Wasikilizaji, hamjambo. Hii ni taarifa ya habari."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mchana, tangu alipokuwa na nywele mpaka alipokuwa na kofia. Mji mzima uliujua ule wimbo mpaka pale kwenye kitasa. Waokaji mikate waliupiga mluzi mpaka pale, wakanyamaza. Akina mama waliwabembeleza watoto kwa wimbo huo mpaka pale, na watoto wa mji ule wakawa wanalala ghafla, kama waliozimwa. Muuza mafuta alikuwa na kasuku aliyeufuata wote kwa mluzi, akifika pale anakohoa na kusema, "Wasikilizaji." Asiyeamini akamuulize kasuku, ila kasuku naye ameshakufa.

Na iweje fundi mwenyewe asiusikie mwisho? Ni rahisi. Santuri za kabati lile zilifungiwa kwa kufuli. Mtunza santuri alizitoa kwa ajili ya matangazo tu na kuzirudisha akizipangusa vumbi kama mayai ya tai. Zaidi ya hapo, mtu akipika kila siku hana hamu ya kulamba mwiko. Nitausikiliza kesho, alijisemea Mzee Taratibu alipokuwa kijana. Na kesho ni ndugu yake mtondo, na mtondo ana ukoo mkubwa.

"Kumbe hujui," mkewe alisema pale kwenye kona. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyefungua sufuria akakuta hamna kitu. "Mimi nilidhani unajua. Nilikuwa jikoni, redio juu ya kabati. Nikisikia inashuka najisemea, huo mkono wa mume wangu. Nilikuwa nakusubiri uje uniambie ulivyoisha. Halafu ukija unataka chakula, nasahau."

Mzee alizungusha kifungo cha shati lake mwenyewe. "Nitautafuta."

"Nini?"

"Nitautafuta!" alipiga kelele, na mwenye duka la viatu akatoka nje kuona kilichopotea.

*

Kwanza alikwenda kwa shemeji yake. Shemeji huyo, kaka wa mkewe, ndiye aliyekuwa msomaji wa habari, na kwa sababu ya ile sauti mji ulimwita Radi. Walikuwa wamefanya kazi wakitenganishwa na kioo kimoja, mmoja ana kipaza sauti, mwingine ana mitambo, wakipeana ishara kwa vidole. Utani wao wa mashemeji ulikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa.

Radi alikuwa ametulia kibarazani, amevaa bukta, anamwagilia ua lililokaa juu ya mashine ya santuri ya zamani.

"Shemeji, ule wimbo wetu unaishaje?"

"Unaisha nikianza mimi," Radi alisema. "Watu hawakufungua redio kusikiliza fidla zako."

"Walifungua kusikia mvua itanyesha lini, wakavumilia sauti yako ya puani."

"Pua hii imetangaza ndoa na vifo vya nchi nzima. Vidole vyako vimetangaza nini?"

Kwa kawaida Mzee Taratibu angemrudishia la kumkata maini. Safari hii alimweleza ya daktari. Radi akaweka chini kopo la maji.

"Dada yangu kauliza hivyo?"

"Kauliza hivyo."

"Basi unakaa hapa kunitukania pua ya nini? Nenda!"

Redio ilikuwa imehamia jengo jipya lenye vioo na baridi ya mashine. Mkuu wa mitambo, kijana mwenye heshima zake, alimpa kiti, akampa maji, akampa na habari mbaya. "Mzee wangu, muziki wote sasa uko kwenye kompyuta. Zile santuri tulimwita mtu wa saa akazichukua."

"Mtu wa saa ndiye nani?"

"Anatengeneza saa za ukutani, mzee. Anatoboa santuri katikati, anabandika namba pembeni, anatia mishale. Zinapendeza kweli, hata hapa tunayo moja." Akanyoosha kidole. Ukutani, juu ya mlango, machozi ya wapenzi waliokosana lakini si sana yalikuwa yanaonyesha saa nne na robo.

Mzee Taratibu hakumaliza maji.

*

Karakana ya fundi saa ilikuwa uchochoroni, nyuma ya wauza mabati, na ndani mlikuwa na tiki-taki ya kutosha kumtia mtu homa. Kuta nne zote zilikuwa santuri. Mvua zinanyesha, gari moshi zinaondoka, majeshi yanarudi nyumbani, na kila moja na saa yake, hakuna mbili zilizokubaliana. Vidole vya Mzee Taratibu vilianza kuzunguka vyenyewe mfukoni.

"Natafuta santuri moja."

"Mimi nauza saa, mzee, siuzi nyimbo," fundi saa alisema bila kuinua macho. Jicho moja lilikuwa na kioo cha kukuzia, na hilo jingine lilikuwa limechoka. "Inaitwaje?"

"Jina silijui."

"Kaimba nani?"

"Hakuna aliyeimba."

Fundi saa akaondoa kile kioo, amtazame kwa macho mawili.

"Ina doa jekundu kwenye karatasi ya katikati," Mzee aliharakisha. "Rangi ya kucha. Nililitia mimi, niitambue upesi." Lile lilikuwa tone la mwisho la chupa ya mkewe, aliyompa akisema angalau kitu changu kimoja kifike redioni.

"Aa, hiyo!" Fundi saa alicheka. "Mimi nilidhani damu. Nikasema hii atainunua nani? Nikampelekea daktari wa meno. Aliipenda papo hapo."

Kwa daktari wa meno mlikuwa na benchi, watu wameshika mashavu, na mpokezi mwenye daftari. Juu ya kichwa cha mpokezi ilining'inia santuri nyeusi, namba kumi na mbili za plastiki zimebandikwa pembeni, mishale ya fedha, na katikati, chini ya nati, doa jekundu kama sikukuu.

"Jino gani, mzee?" mpokezi aliuliza.

"Si jino, binti yangu. Ni ile saa."

"Ni saa tano kasoro. Jino gani?"

Ndivyo ilivyokuwa: asiye na jino hamwoni daktari. Akataja jino. Alipoona foleni haisogei na mishale inasogea, ikiikwaruza ile karatasi kila ikizunguka, roho haikumkalia. Alivuta kiti, akapanda, akanyoosha shingo kuisoma. Wagonjwa wakashika mashavu kwa mikono miwili. Mpokezi akapiga ukelele. Daktari, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kufungulia mitungi, alitoka, akaona mzee juu ya kiti, akafanya hesabu aliyoizoea.

"Huyu ameingiwa na woga. Nileteeni."

Basi Mzee Taratibu alieleza maisha yake yote akiwa chali, taa usoni, chuma mdomoni. Alieleza wimbo: "Aa-aa-oo, aa." Alieleza kitasa: "Oo." Alipofika kwenye masikio ya mkewe, mwenyewe hakujua kama linalomtoka jichoni ni la mke au la jino, kwa sababu jino nalo, kumbe, lilikuwa limeoza kweli, na lilikuwa limeshatoka.

Daktari akavua kifunika mdomo. "Sema tena, polepole. Mkeo kafanyaje?"

Alisema tena. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo madaktari wa meno hulipata mara chache.

"Ukutani lazima pawe na saa," alisema hatimaye. "Wagonjwa wangu wanahesabu dakika, ndizo zinazowashikilia. Niletee saa inayokwenda, chukua hiyo. Isitoshe, inachelewa."

Nyumbani Mzee Taratibu alikuwa na saa moja tu, ile aliyozawadiwa siku ya kuagwa, ya mbao nzito, yenye nembo ya kituo na maneno ya shukrani. Mkewe alimwona akiishusha ukutani.

"Unaipeleka wapi zawadi yako?"

"Kwa daktari wa meno!"

"Kwa nani?"

Alionyesha pengo.

"Mwanamume," mkewe alisema, "wenzio wakistaafu wanafuga kuku."

*

Aliirudisha santuri nyumbani imefungwa kwenye shuka, akaiweka mezani, akafungua nati, akatoa mishale. Kisha akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, na hapo aliona jambo lililomfanya aketi, na ilikuwa mara ya kwanza kuketi nyumbani wiki ile.

Santuri huanzia pembeni na kuishia katikati, hilo hata kasuku alilijua. Ule mkanda wa pembeni, waliouchezesha kila mchana, ulikuwa umechakaa mpaka ukawa wa kijivu kama kisigino. Lakini kutoka pale kwenda ndani, ghafla, kama mtu aliyepiga mstari, santuri iling'aa nyeusi tii. Haikuwa imeguswa. Mle ndani mlikuwa na wimbo mpya kabisa, uliokaa unasubiri, mchana kwa mchana, na kila ulipokaribiwa sindano ikanyanyuliwa.

Na namba za fundi saa zilikuwa zimebandikwa wapi? Pembeni. Mzee alizing'oa kwa kisu cha mkate. Zikaacha makovu ya gundi, kumi na mbili, yaliyoumeza mwanzo wote. Kile ambacho mji mzima ulikijua kwa moyo kimekufa. Kile ambacho hakuna aliyekijua kimebaki.

Kwenye karatasi, nati ilikuwa imekula jina la mtungaji. Ilibaki herufi ya kwanza na kijimkia cha ya mwisho. Chini yake, herufi ndogo, kiwanda kilikuwa kimeeleza kazi ya ule muziki, ili wenye redio wajue pa kuutumia. Binti yao wa kwanza, aliyejua lugha ya ng'ambo, walimtajia herufi moja moja kwa simu, naye akawasomea: "Mji wenye shughuli. Furaha ya wastani."

"Ya wastani!" Mzee alifoka. "Ya wastani?"

Alikasirika siku mbili. Alimfikiria yule mtu wa herufi moja, ameketi kwenye kijichumba fulani, bosi kasimama mlangoni: tuletee furaha, lakini isizidi, isije ikamkata mtu hamu ya habari. Naye badala ya kupuuzia, maana nani angejua, akazipandisha zile fidla ngazi. Akafikiria filimbi ya kuwajibu. Akamtafutia mjomba mlango. Halafu akatokea bwana mmoja mbali huko, na vidole viwili, akamfungia mlango usoni kila siku ya Mungu.

"Hata salamu sijawahi kumtumia," alimwambia mkewe.

"Nani?"

"Huyu!"

"Mtumie basi. Lakini kwanza nisikie, maana leo asubuhi ndege wa dirishani sikuwasikia. Niliona midomo tu inafunguka."

*

Radi alikuja mchana wa Jumapili na mashine yake, baada ya kuliondoa ua na kumwaga udongo. Tundu la santuri lilikuwa limepanuliwa na fundi saa, ikawa inayumba. Jaribio la kwanza lilitoa okestra iliyolewa, inapanda inashuka. Mzee alikata kipande cha boksi la dawa, akakizungushia kwenye ule msumari wa katikati, akapima, akakata tena, akapima. Mkewe aliketi karibu kabisa na spika, sikio la kulia mbele, kiganja kimelala juu ya boksi la mashine. Mezani kulikuwa na mkate na chai.

"Mwanzo umeharibika," Mzee alieleza kwa sauti ya mnadani. "Mwanzo tutauimba sisi. Tukifika kwenye kitasa, naweka sindano!"

"Mimi nishike nini?" Radi aliuliza.

"Fidla kubwa. Una tumbo lake."

"Mimi filimbi," mkewe alisema. "Filimbi siisikii tena kokote, lakini kooni ninayo."

Wakaanza. Wazee watatu, mchana kweupe, madirisha wazi. Mzee alikimbiza fidla kwenye ngazi, akipotewa na pumzi kwenye lile pengo la jino. Radi akanguruma chini yake kama lori linalotafuta gia. Na mkewe akajibu kutoka juu, sauti nyembamba, iliyonyooka, haijakosea hata nukta. Mjomba akabisha hodi. Muziki ukakusanya miguu. Ukashika kitasa. Mzee akaishusha sindano pale pale kwenye mstari, nyeusi ilipoanzia, na spika ikapumua...

"WASIKILIZAJI, HAMJAMBO," Radi alinguruma. "HII NI TAARIFA YA HABARI."

Na vidole viwili vya Mzee Taratibu, bila kumuuliza mwenyewe, vikaruka kwenye kidude cha sauti na kukishusha, polepole, kwa ufundi mkubwa, mpaka kimya.

Walitazamana. Radi alijiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Mzee aliviangalia vidole vyake kama vya mtu mwingine aliyemwingilia nyumbani.

Mkewe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka akafuta machozi kwa upindo wa nguo. "Nyie!" alisema. "Nyie wawili! Nimeolewa na mmoja, nimezaliwa tumbo moja na mwingine, Mungu anisaidie!" Alipomaliza kucheka akasimama, akamega kipande kikubwa cha mkate, akamshindilia kaka yake kinywani. Kisha akaketi, akaukamata mkono wa kulia wa mumewe, vile vidole viwili ndani ya ngumi yake, akaufunga barabara.

"Tumia wa kushoto," alisema.

Wakaanza tena. Radi aliimbia puani, nyuma ya mkate. Ngazi. Filimbi. Hodi. Kitasa. Mkono wa kushoto wa Mzee, ambao haujawahi kuaminiwa na sindano, uliutafuta ule mstari, ukashuka.

Mlango ukafunguka.

Haukuwa na mlipuko. Mzee alitarajia ngoma na matoazi, mji mzima barabarani. Badala yake fidla zilitoka nje zikatembea tu, kwa raha zao, kama mtu aliyemaliza kazi mapema na hana anapowahi. Sauti zilikuwa safi hata zikatisha, hakuna mkwaruzo, hakuna mlio wa kikaango. Tarumbeta zilisema neno moja, zikavua kofia. Klarineti moja ikashika ule wimbo wa ngazi, ikaushusha ngazi badala ya kuupandisha, pole, hatua kwa hatua. Kinubi kikamwaga maji kidogo. Na mwisho kabisa zile fidla zote zikadokolewa kwa kidole, mara moja, tii, kama mtu anayezima taa ya barazani.

Sindano ikaanza kuzunguka patupu.

Mzee hakuthubutu kumtazama mkewe. Vidole vyake vilikuwa bado ndani ya ngumi ya mkewe, na ndipo alipotambua kwamba vimetulia.

"Ndiyo huo?" mkewe aliuliza.

"Ndiyo huo. Umesikia?"

"Zile nene nimesikia. Nyembamba nimezishika hapa." Alionyesha kiganja kilichokuwa juu ya boksi. Alifikiri kidogo, ameinamisha kichwa. "Mzuri. Kautendea haki. Ila wa kwangu ulikuwa unakwenda mbali zaidi."

"Wa kwako upi?"

"Nyie si mlikuwa mnaukata? Mimi nitabaki na wimbo nusu, sufuria iko motoni? Nilikuwa naumalizia. Kila siku, huyu anasoma vifo na bei za mazao, mimi namalizia."

Radi alimeza mkate wote kwa mpigo.

"Na hujawahi kuniimbia?" Mzee aliuliza.

"Ulikuwa kazini," mkewe alisema.

Akauimba. Alianzia pale pale kwenye kitasa. Wa kwake ulitoka nje ukakimbia, ukapita kona ya duka la viatu, ukarudi kuchukua kitu ulichosahau, ukapanda tena zile ngazi za mwanzo mbili mbili, na haukutaka kabisa kuisha. Kila ulipokaribia mwisho ulikumbuka jambo. Ulikuwa na makosa mengi. Hakuna kiwanda ambacho kingeweza kuuandikia kazi yake kwenye karatasi. Mzee Taratibu aliusikiliza mdomo wazi, pengo nje.

Ulipoisha, mtaani mtu alipiga makofi. Alikuwa mwokaji mikate, aliyekuwa amesimama chini ya dirisha na baiskeli yake, pamoja na wengine watatu wanne waliosimama kwa sababu walisikia wimbo ukipita pale ambapo haujawahi kupita.

Radi akasimama, akajipangusa makombo, akakohoa kama zamani.

"Wasikilizaji," alisema kwa lile dirisha, "mmesikia furaha ya wastani, iliyotungwa na bwana mmoja wa herufi moja. Na baada yake..." Akamgeukia dada yake, akamwinamia.

"Rudia ule wa kwanza," mkewe alimwambia Mzee. "Nataka ule mdokoo wa mwisho, kama wa kuzima taa, kabla dirisha hili la sikio halijafungwa. Halafu nikichoka nitakuimbia wa kwangu tena, maana huo nitakuwa nao hata nisiposikia kitu."

"Na mimi nitausikia," Mzee alisema.

"Nini?"

Hakupiga kelele safari hii. Aliinamia sikio la kulia, akamwambia taratibu. Kisha akainyanyua sindano kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia mkewe alikuwa hajauachia.